Kasha la Bibi: Lilikuja na Jahazi, Sasa Linaondoka na Watalii

Ukikatiza mtaa wa Gizenga pale Mji Mkongwe, lazima utakutana nalo: sanduku zito la mbao, usoni limejaa misumari ya shaba iliyopangwa kwa maua na nyota, chini lina droo. Watalii wanalipiga picha, wenye hela zao wanalinunua. Dunia inalijua kama sanduku la Zanzibar. Waswahili wanaliita kasha.

Sasa sikia hii: makasha mengi ya zamani hayakutengenezwa Zanzibar! Yalitoka pwani ya magharibi ya India, sehemu kama Surat na Bombay, ambayo leo ni Mumbai. Hata jina lenyewe ni la kuja. Wanaisimu wanalihusisha na caixa ya Wareno, wale wale waliokiachia Kiswahili meza na leso.

Yalifikaje? Kwa upepo tu, mdau. Kuanzia Disemba hadi Machi unavuma kaskazi, na majahazi kutoka India, Uarabuni na Ghuba yalikuwa yanashuka nao hadi Unguja. Kusi ikianza kuvuma, yanarudi. Nahodha alikuwa na kasha lake humo chomboni, ndani kaweka hela, hati za mzigo na nguo nzuri za kuvaa akifika mjini. Mengine yalikuja kama bidhaa, yakauzwa.

Lakini kilicholifanya kasha liwe la Unguja hasa ni harusi. Bibi harusi wa familia yenye uwezo alipelekewa kasha, humo ndani kanga, dhahabu, udi na manukato. Mengine yana kishubaka cha siri ambacho mgeni hawezi kukiona hata akipekua. Watu wengi wanaona urembo tu hapo, kumbe kuna jambo zito zaidi. Kwa sheria ya Kiislamu, mahari na dhahabu ya mke ni mali yake mwenyewe, siyo ya mume. Enzi hizo mwanamke hakuwa na akaunti benki wala M-Pesa. Kasha lenye kufuli ndiyo ilikuwa benki yake. Oman nako wanalo, wanaliita mandoos, na kule pia ni la biharusi.

Tusidanganyane lakini, siyo kila mwanamke wa Unguja alikuwa nalo. Karne ya 19, baada ya Sultani wa Oman kuhamishia makao yake hapa, utajiri wa mji ulitokana na karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watu. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Kuna wanawake waliolifuta vumbi kasha kila siku na hawakuwahi kushika ufunguo wake. Hilo nalo ni sehemu ya historia yake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi ziliondoka, na vitu vya majumbani vikabadilisha mikono. Mwaka 2000 UNESCO ikauweka Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Sifa zikaenda kwenye kuta, baraza na milango ya nakshi. Sawa, ila mlango umefungwa kwenye ukuta. Kasha lina vishikio viwili, watu wawili wanalibeba na limeshaondoka.

Cha kuchekesha ni kwamba kasha la Zanzibar kwelikweli ni lile jipya. Linachongwa na mafundi wa hapa hapa, wanaopigilia shaba msumari mmoja mmoja. Shida inakuja pale muuzaji anapolichakaza makusudi ili aseme lina miaka mia. Fundi aliyeumiza vidole anakosa jina, mnunuzi anapigwa.

Kwa hiyo mgeni akitaka kasha, mpeleke kwa fundi, alipe bei ya haki kwa kazi mpya. Lile la bibi liko chumbani na dalali kashaanza kupita pita? Kabla hujapokea hata senti, kaa na bibi umuulize: alipewa na nani, mwaka gani, aliweka nini ndani, ufunguo aliuficha wapi? Andika, rekodi na simu. Halafu mkumbuke kitu kimoja: kasha ni la bibi. Wa kuamua liuzwe au lisiuzwe ni yeye, siyo wajukuu.