Ushindi 13 wa Felix Hernández

Mwaka wa 2010 Felix Hernández, kijana wa miaka 24 kutoka Valencia, Venezuela, alikuwa anarushia mpira timu mbovu. Sisemi ubovu wa kawaida. Seattle Mariners walicheza mechi 162 msimu huo wakapoteza 101. Walifunga mikimbio 513 pekee, na tangu 1973, Ligi ya Amerika ilipoanza kumtumia mpigaji maalum badala ya mrushaji, hakuna timu ya ligi hiyo iliyokuwa imefunga michache hivyo katika msimu mzima. Upande wa pili wa nchi, New York Yankees walifunga 859. Hiyo ni tofauti ya mikimbio 346.

Hernández alimaliza msimu ameandikiwa ushindi 13 na kupoteza 12. CC Sabathia wa Yankees alikuwa na 21 na 7. David Price wa Tampa Bay, 19 na 6. Halafu waandishi 28 wakaulizwa: ni nani mrushaji bora wa ligi? Wakati huo, ukitazama historia, swali kama hilo halikuwa gumu. Ulihesabu ushindi, ukampa mwenye mwingi, ukaenda kulala.

Kama hujawahi kuutazama mchezo wenyewe, kumbuka raunda tuliyocheza shule ya msingi: mmoja anarusha, mwingine anapiga, halafu mbio za kuzunguka. Besiboli ni binamu yake aliyeenda ng'ambo akapata pesa. Mechi ina zamu 9, na mrushaji ndiye anayeanza kila kitu. Sasa, kuna desturi ya tangu karne ya kumi na tisa ya kumwandikia mrushaji ushindi au kupoteza kwa jina lake, kana kwamba alicheza peke yake. Anayeanza mechi akimaliza zamu 5 na kutoka timu yake ikiongoza, na uongozi huo usipotee, ushindi ni wake. Akitoka mambo yakiwa sare, haandikiwi chochote, hata kama alirusha kama malaika. Akiruhusu mkimbio mmoja tu na wenzake wasifunge, anaandikiwa kupoteza.

Hebu fikiria kipa anayepimwa kwa mechi ambazo timu yake ilishinda. Anaokoa penalti mbili, straika wake anakosa goli tupu, na mwisho wa mwaka anaambiwa eti hajui kushinda.

Tarehe 23 Septemba 2010, mjini Toronto, Hernández alirusha zamu 8 akaruhusu mipigo miwili pekee. Mmoja wao ulitoka kwenye bati la José Bautista katika zamu ya kwanza ukavuka uzio, homurani yake ya 50 mwaka huo. Mariners hawakufunga kitu. Ikawa 1–0, na kwenye kitabu likaandikwa jina la Hernández: amepoteza.

Lakini nisiwacheke wazee waliobuni hesabu hiyo, kwa sababu enzi zao ilikuwa na haki. Tuzo yenyewe ina jina la Denton True Young, ambaye watu walimwita Cy. Alifariki Novemba 1955, na mwaka uliofuata tuzo ikaanzishwa. Don Newcombe wa Brooklyn Dodgers, mwenye ushindi 27 na kupoteza 7, akawa wa kwanza kuipokea. Young alishinda mechi 511, rekodi ambayo hakuna atakayeifikia. Kinachosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba alipoteza 315, na hiyo pia ni rekodi yake mpaka leo. Yaani mtu ambaye jina lake liko kwenye tuzo ya urushaji bora ndiye aliyepoteza kuliko warushaji wote. Ila tazama hii: alianza mechi 815, akamaliza 749 mwenyewe, kutoka mpira wa kwanza mpaka wa mwisho. Ukimwandikia mtu wa namna hiyo ushindi, hujamwibia yeyote.

Wanaotetea ushindi hupenda kumtaja Steve Carlton, na wana haki ya kumtaja. Mwaka wa 1972 alikuwa Philadelphia Phillies, timu iliyoshinda mechi 59 tu. Carlton alishinda 27 kati ya hizo. Karibu nusu! Basi, wanasema, mrushaji wa kweli hushinda popote alipo, hata kwenye timu ya hovyo. Hoja tamu. Shida ni kwamba Carlton alianza mechi 41 mwaka huo akamaliza 30. Kufikia 2010 mrushaji alikuwa anatolewa katika zamu ya sita au ya saba, mechi inaachiwa watu wa akiba, na kile alichokijenga kinaweza kubomolewa yeye akiwa amekaa kwenye benchi na barafu begani. Kazi ilikuwa imebadilika, kipimo kikabaki kilekile.

Kuna waliokwisha kuumizwa na kipimo hicho. Mwaka wa 1987 Nolan Ryan, akiwa na miaka 40, aliongoza Ligi ya Kitaifa kwa mambo mawili: wastani mdogo kabisa wa mikimbio, 2.76, na wapigaji 270 aliowatoa kwa straiki tatu. (Wastani huu ni mikimbio anayodaiwa mrushaji kwa kila zamu 9. Ukiwa mdogo ndiyo vizuri, na makosa ya walinzi wenzake hayaingizwi.) Houston Astros hawakumfungia. Akaandikiwa ushindi 8, kupoteza 16, na tuzo ikaenda kwingine. Mwaka wa 1990 Roger Clemens wa Boston alikuwa na wastani wa 1.93 na ushindi 21. Bob Welch wa Oakland alikuwa na 2.95, lakini timu yake ilishinda mechi 103 na yeye akaandikiwa 27. Welch akachukua tuzo. Hakuiba, alipewa.

Mimi nilikutana na hadithi hizi kwa njia ya mkate. Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilianza kuandikia wateja wa ng'ambo, na mmoja akataka makala kuhusu tuzo hii. Nilimaliza yake kabla ya saa sita usiku, nikabaki macho mpaka alfajiri nikisoma takwimu za watu nisiowajua. Nadhani najua kilichonishika. Kwenye sherehe za ukoo kuna swali moja ambalo kila shangazi na mjomba huniuliza, nalo lina majibu mawili tu: umemaliza, hujamaliza. Hakuna safu ya pembeni ya kuandika ulifanya nini wakati huo wote.

Aliyeanza kuziandika safu za pembeni kwa bidii alikuwa soja. Bill James, miaka ya 1970, alikuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha maharagwe ya kopo huko Kansas. Katikati ya lindo alikuwa anahesabu besiboli, na mwaka wa 1977 akachapisha kijitabu chake cha kwanza mwenyewe. Swali lake lilikuwa la mlinzi hasa: nani alikuwa wapi, na alifanya nini yeye mwenyewe? Ilichukua miaka mingi kabla ya wenye ligi kumsikiliza, lakini mwishowe Boston Red Sox walimwajiri.

Turudi 2010. Upande wa Sabathia haukuwa wa wajinga. Walisema kurusha Septemba ukiwa unapigania kuingia mchujo, New York nzima ikikupigia kelele, si sawa na kurusha Seattle ambako msimu uliisha mapema na hakuna anayekudai kitu. Walisema pia mrushaji anayeongoza kwa mikimbio mitano huwa hajali kuruhusu mmoja au miwili, kwa hivyo wastani wake unapanda bila yeye kuwa dhaifu. Hoja ya kwanza naiheshimu. Presha ni kitu halisi, na mtu yeyote aliyewahi kupiga penalti ya mwisho anajua hivyo. Lakini presha haikumfanya Sabathia awe na wastani mdogo. Alikuwa na 3.18, Price 2.72, Hernández 2.27. Hernández alirusha zamu 249 na theluthi mbili, nyingi kuliko yeyote katika ligi, akatoa wapigaji 232 kwa straiki.

Na kuna jambo ambalo kwangu lingemaliza ubishi hata kwenye kijiwe cha bodaboda. Hernández alikutana na Yankees wenyewe, wale wa mikimbio 859, mara tatu mwaka huo. Alishinda zote tatu. Katika zamu 26 walimfunga mkimbio mmoja wa kudaiwa. Sabathia hakuwahi kulazimika kuwarushia wapigaji wale, walikuwa wake.

Novemba kura zikatangazwa. Hernández alipata kura 21 za nafasi ya kwanza kati ya 28, Price 4, Sabathia 3. Kwa pointi ilikuwa 167, 111 na 102. Hakuna mrushaji aliyeanza mechi kwa msimu mzima aliyewahi kushinda tuzo hii akiwa na ushindi mchache hivyo. Mwaka mmoja kabla, Zack Greinke na Tim Lincecum walikuwa wameufungua mlango kidogo kwa ushindi 16 na 15. Hernández aliuvunja. Ilipofika 2018 na Jacob deGrom wa Mets akawa na ushindi 10, kupoteza 9 na wastani wa 1.70, waandishi 29 kati ya 30 walimpa nafasi ya kwanza.

Hernández mwenyewe alibaki Seattle mpaka 2019, misimu 15, na hakuwahi kurusha hata mpira mmoja katika mchujo. Mwezi Agosti 2012 alirusha mechi kamili dhidi ya Tampa Bay: wapigaji 27 walikuja, 27 wakarudi, hakuna aliyefika hata kituo cha kwanza. Wenzake siku hiyo walimfungia mkimbio mmoja. 1–0. Safari hii ulitosha.

Alistaafu na ushindi 169. Sabathia alistaafu na 251. Januari 2025 majina yao yalikuwa kwenye karatasi moja ya kura, wote kwa mara ya kwanza, kuingia Jumba la Mashujaa la besiboli, ambako unahitaji asilimia 75. Sabathia alipata 86.8 akaingia siku hiyohiyo. Hernández alipata 20.6, na kwa kuwa anayepata 5 haondolewi, jina lake likabaki kwenye karatasi.