Punje za Chuma na Habari za Ekseli Iliyovunjika

Tarehe 8 Mei 1842 gari la moshi lilikuwa likirudi Paris kutoka Versailles, limejaa watu. Ekseli ikavunjika, mabehewa yakapandana, yakashika moto. Na kwa kuwa milango ilifungwa kwa ufunguo, watu zaidi ya 50 wakafa. Zamani zile ekseli zilizokatika zilionekana kumetameta penye jeraha, basi wengi wakanena ya kuwa chuma cha nyuzinyuzi, kikitikiswa siku nyingi, hugeuka kuwa fuwele.

Mwaka wa 1843 mhandisi Rankine alipinga, akisema ufa huanza kidogo kidogo penye pembe kali ya ekseli. Lakini mambo ya ndani hayakuonekana, hata Henry Clifton Sorby wa Sheffield, mnamo 1863, aliposugua kipande cha chuma kama kioo, akakitia tindikali nyepesi, akakitazama kwa darubini. Kumbe chuma chote ni punje zilizoshikana, nazo ni fuwele tangu mwanzo! Twaona basi kwamba hapana kilichogeuka.

Sisi Waswahili twasema kufua chuma kama tusemavyo kufua nguo, maana yote mawili ni kupiga. Mfua chuma apigaye chuma baridi huzirefusha punje zake. Chuma huwa kigumu, kisha chepesi kuvunjika. Kikirudishwa motoni, kama Sorby alivyoeleza mwaka wa 1887, punje zile ndefu hutoweka, na mpya zisizo ndefu huzaliwa mahali pake. Chuma kilichoumizwa sana huzaa punje nyingi ndogo; kilichoumizwa kidogo huzaa chache kubwa. Moto ukizidi, kubwa humeza ndogo, na chuma hulegea.

Mwaka wa 1899 Ewing na Rosenhain wa Cambridge walionyesha kwamba fuwele ikilazimishwa huteleza tabaka juu ya tabaka, mfano wa karata. Mpaka wa punje huzuia mtelezo huo. Ndiyo sababu chuma cha punje ndogo kina nguvu. Na mwaka wa 1903 Ewing na Humfrey walikunja chuma mara nyingi, wakaiona mistari ya mtelezo ikipanuka hata ikawa nyufa. Hilo ndilo jibu la ekseli, nalo lilichelewa miaka 61.

Katika miaka ya 1970 Segal na wenzake huko Minsk walisukuma vipande vya metali katika mfereji uliopindika kama kiwiko, vikatoka na unene ule ule, wakarudia tena na tena. Kwa njia hiyo punje hupungua hata chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Lakini punje hizo hazivumilii moto mwingi: hukua upesi, na kazi yote ikapotea.