Uzembe wa Kitabibu: Utaratibu wa Malalamiko kwa Wakazi wa Mbinga na Nyasa

Mwananchi anayeamini kuwa ndugu yake amefariki au kupata ulemavu kutokana na uzembe wa kitabibu aanze kwa malalamiko ya maandishi kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali husika, na abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Makosa ya wazi hutokea hata katika hospitali kubwa: mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti.

Malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Dhidi ya muuguzi au mkunga, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mabaraza haya yanaweza kumfutia mtaalamu usajili, lakini hayatoi fidia. Familia isisubiri uamuzi wake huku muda wa kwenda mahakamani ukipita, kwani madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3.

Kwa hospitali ya Halmashauri, notisi ya siku 90 hutangulia, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, Songea. Notisi hiyo haihitajiki kwa hospitali za misheni.