Neno la Wiki: Kifafa si degedege
Homa ikimpanda mtoto akakakamaa, watu husema “ameshikwa na kifafa”. La hasha! Hilo ni degedege, neno lenye ndege ndani yake, maana wazee waliamini ndege wa usiku ndiye aliyempitia mtoto. Kifafa ni maradhi ya ubongo, nayo hujirudia homa iwepo isiwepo.

Linaloniuma zaidi ni “dawa ya kifafa”. Mfano ni asidi ya valproiki (valproeti): ilitengenezwa 1882, ikawa ya kuyeyushia dawa nyingine tu, hadi Wafaransa walipogundua mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba yenyewe huzuia kifafa. Leo humtuliza pia mgonjwa ambaye furaha yake hupaa kupita kiasi, na hukinga kipandauso. Sasa mwenye kipandauso akiambiwa kwenye dirisha la dawa, mbele ya foleni, “Chukua dawa yako ya kifafa, mama,” ataimeza kweli? Itajwe kwa jina lake: valproeti. Na mwanamke anayeitumia amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwani huweza kumdhuru mtoto tumboni. Ila asiiache ghafla kwa uamuzi wake.