Mizani na Uaminifu katika Ushirika wa Pamba

Katika machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, kazi moja hukutanisha watu wengi. Mwenye leseni hutoa eneo, mwenye duara hugharimia uchimbaji, wachimbaji hushuka shimoni, na mwenye karasha husaga mawe. Hakuna hata mmoja wao awezaye kuifikia dhahabu peke yake. Ndiyo maana mifuko ya mawe hugawanywa penye duara, ili kila mwenye haki ahesabu kwa macho yake.

Haja hiyo ya kuhesabu kwa macho ina historia ndefu katika nchi ya Wasukuma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa pamba walinung'unikia mizani. Wanunuzi, wengi wao wenye asili ya Kiasia, ndio waliokuwa na mizani, ndio walioisoma, na ndio waliolipa. Wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, na kutokana na juhudi hizo vikazaliwa vyama vya ushirika. Mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vyama hivyo viliunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria.

Kazi iligawanywa kwa ngazi. Chama cha msingi kilipima pamba na kumlipa mkulima. Chama kikuu kilisimamia vyama vya msingi kadhaa. Shirikisho nalo lilishughulikia uchambuaji na uuzaji. Mwaka 1956 lilikuwa na kiwanda chake cha kuchambulia pamba huko Kasamwa, Geita. Kijijini karani na wanakamati walikuwa majirani, na mizani ilisimama mbele ya watu. Hapo ndipo uaminifu ulipopata mizizi.

Lakini kadiri shirikisho lilivyokua, ndivyo hesabu zilivyokwenda mbali na macho ya mkulima. Aliyaona makato katika malipo yake, asijue yalikokwenda. Mwaka 1966 kamati ya serikali iliyochunguza vyama vya ushirika nchini ilikuta ubadhirifu, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, na wanachama wasio na sauti. Shirikisho likavunjwa, na nafasi yake ikachukuliwa na Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na mwaka 1984 Shinyanga ikapata chama chake, SHIRECU.

Yafaa tutafakari jambo hili. Manung'uniko yaliyowakusanya wakulima dhidi ya mnunuzi ndiyo yaliyorudi baadaye dhidi ya chama chao wenyewe. Mwenye mizani alikuwa amebadilika, lakini mkulima alikuwa bado haoni hesabu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Undugu huwakutanisha washirika, lakini kinachowadumisha pamoja ni hesabu iliyo wazi. Ushirika wowote, wa pamba au wa dhahabu, huanza kufa siku ile mshirika mmoja anapoambiwa aamini tu, asihesabu.