Mtungi wa feleji wa kuzamia

Mtungi wa feleji wa kuzamia ni chombo cha kubebea hewa iliyoshindiliwa ambayo mzamiaji huipumua chini ya maji. Hutumiwa sana katika maji baridi, kwa mfano kwenye pwani za Uingereza.

Katika maji hayo mzamiaji huvaa vazi nene linalomfanya aelee, hivyo hujifunga vipande vya risasi ili azame. Mtungi wa kawaida wa alumini huanza kuelea hewa inapopungua, ukadai risasi zaidi. Mitungi mingi ya feleji haielei hata ikiwa karibu tupu.

Kuchagua

Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 232 hubeba takriban lita 2,700 za hewa, yenye uzito wa kilogramu 3 hivi. Kwa hiyo risasi hupimwa mtungi ukiwa karibu tupu. Vali yenye midomo miwili inafaa: kifaa kimoja cha kupumulia kikiganda na kumwaga hewa, hufungwa na kingine hutumika.

Kununua uliotumika

Tarehe ya kupimwa kwa shinikizo la maji hugongwa begani mwa mtungi. Marekani na Uingereza kipimo hicho hurudiwa kila miaka 5. Ndani hukaguliwa na fundi, kwa kuwa unyevu huleta kutu. Kutu hudhoofisha ukuta wa mtungi na pia hula oksijeni: mtungi uliokaa muda mrefu ukiwa na maji ndani unaweza kumzimisha mzamiaji.