Riziki ya Samaki wa Vidimbwi

Kisiwa cha Pemba, ambacho Waarabu wa zamani walikiita al-Jazira al-Khadra kwa uchanikiwiti wake usiokauka, kina mabonde mengi ya mpunga baina ya vilima vyake, na kila ingiapo masika maji hutuama humo, na katika maji hayo huzaliwa umma mkubwa wa viumbe vidogo: viluwiluwi vya mbu, wadudu wa jamii ya kamba wasioonekana vyema kwa macho, na funza wekundu wa matopeni. Ajabu ni kuwa mlaji mmoja mashuhuri wa karamu kama hiyo hajulikani Pemba, bali ni mwenyeji wa Unguja. Sababu yake yamkini ni bahari. Mkondo wa Unguja ni wa maji haba, na zamani zile bahari ilipopwa sana duniani kisiwa kile kiliungana na Mrima. Lakini mkondo wa Pemba una kina cha takriban mita 800, na chui aliyefika Unguja kwa miguu hakufika kwetu Pemba, sembuse samaki mdogo asiyeweza kustahimili maji ya bahari kuu.

Samaki huyo, ambaye urefu wake haupiti sana sentimita tano, ana dume lenye mkia mwekundu kama pilipili iliyoiva, na jike la rangi ya udongo. Mjerumani Franz Stuhlmann aliwakusanya katika safari yake ya 1888 na 1889, na mwaka 1893 Georg Pfeffer wa Hamburg akawaeleza katika vitabu vya elimu, kwa jina ambalo leo ni Nothobranchius guentheri, kumkirimu Albert Günther, bingwa wa samaki wa makumbusho ya London. Mabwana hao walimhesabia mapezi na magamba kwa uangalifu wa kusifiwa; lakini samaki aliyetiwa katika chupa ya spiriti haombi chakula, na kwa hiyo suala la riziki yake likangoja mpaka watu wa Ulaya walipotaka kumfuga akiwa hai katika matangi ya vioo.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Maisha ya samaki huyu yamefungwa na mvua: kidimbwi kikikauka wazee wote hufa, na mayai hubaki yamelala ndani ya tope kwa miezi mingi, hata mvua nyingine ije iyaamshe. Kitoto kitokacho yaini kina wiki chache tu za kukua, kuoa na kutaga kabla jua halijarudi. Basi hula bila ya kupumzika, na njaa ya siku mbili tatu, ambayo samaki mwingine angeivumilia, yeye humdumaza. Tena aghalabu hakitaki kisichocheza. Chakula kikavu cha kopo, kilichowanenepesha samaki wengi wa mapambo, yeye hukiacha kizame na kuoza, maji yakaharibika, na maradhi ya vumbi la dhahabu yakamfunika mwili.

Ufumbuzi haukutoka Afrika wala haukutafutwa kwa ajili yake. Mwaka 1933 Alvin Seale wa San Francisco, na mwaka 1939 Gunnar Rollefsen wa Norwei, walidhihirisha kuwa watoto wa artemia, mdudu wa jamii ya kamba aishiye katika maziwa ya chumvi kali, ni chakula bora cha samaki wachanga. Mayai ya artemia hukaushwa na kuwekwa katika mikebe, na yakitiwa katika maji ya chumvi huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi. Kwa hiyo mayai yaliyolala ya kiumbe kimoja yakawa riziki ya mayai yaliyolala ya kiumbe kingine, na wafugaji wakaweza kutumiana kizazi cha samaki wa Unguja kwa posta, ndani ya mboji yenye unyevu, kama mtu atumavyo mbegu za mchicha.

Wekundu wa mkia nao una asili yake chakulani, kwani samaki hawezi kujifanyizia rangi hiyo mwilini. Huipata kwa kula wadudu walioipata kwa miani. Dume lililolishwa vibaya hupauka, na dume lililopauka halina bahati kwa majike, maana Robert Haas alionyesha mwaka 1976 kuwa majike huwapendelea madume yenye rangi kali. Basi mfugaji aliye bahili wa chakula huharibu harusi pia.

Wenyeji wa mwambao, kwa kadiri nijuavyo, hawakuwa na haja ya samaki wa pambo, na wataalamu wa kikoloni walimtazama kwa jicho jingine: mwaka 1941 F. L. Vanderplank aliandika katika jarida la utabibu la Afrika Mashariki kuwa jamii hii ya samaki ni adui wa kienyeji wa viluwiluwi vya mbu wa malaria. Nami naona tazamo hilo lilikuwa na akili zaidi kuliko la tangi la vioo, kwa kuwa lilimwacha mnyama na chakula chake mahali pamoja. Ndivyo alivyonusurika popo wetu mkubwa wa Pemba: aliyehofiwa kutoweka mwishoni mwa karne ya ishirini, aliongezeka tena kwa vile wanavijiji, kama wale wa Kidike, waliilinda miti alalamo, naye akajitafutia maembe na mashelisheli bila ya kulishwa na mtu.

Samaki wa Unguja hakupata ulinzi wa namna hiyo. Vidimbwi vyake hupungua kwa ujenzi na kilimo, na wakati huohuo ndugu zake wa matangini wamekuwa watumishi wa elimu ya uzee, kwa sababu umri wao mfupi humwezesha mtaalamu kuona ujana na ukongwe katika mwaka mmoja. Mwaka 2012 wataalamu wa China walitangaza kuwa waliwachanganyia katika chakula dawa iitwayo resveratroli, ipatikanayo katika maganda ya zabibu, na samaki wale wakaishi muda mrefu kuliko wenzao walionyimwa.